Maumivu ya misuli yasiyoonekana kwenye eksirei

MTU hulalamika kwa miezi kadhaa kuwa anaumwa bega, shingo au kiuno. Hupigwa picha ya eksirei, hupimwa damu, na majibu yote hurudi yakiwa safi. Mwishowe huambiwa kuwa hana ugonjwa, au kwamba ni baridi yabisi, naye hurejea nyumbani na pakiti nyingine ya dawa za kutuliza maumivu. Maumivu hubaki palepale.

Mojawapo ya sababu za hali hiyo ni ugonjwa ambao wataalamu huueleza kuwa ni maumivu ya misuli na utando wake. Kila msuli umefunikwa na utando mwembamba lakini imara. Ndani ya msuli uliochoka au kuumia huweza kujitokeza mkanda wa nyuzi zilizokaza, wenye sehemu ndogo ngumu mithili ya fundo. Fundo hilo likibonyezwa mgonjwa hushtuka, na mara nyingi hutamka mwenyewe kwamba hayo ndiyo maumivu yanayomsumbua.

Kinachowapotosha wagonjwa, na hata baadhi ya waganga, ni kwamba fundo hupeleka maumivu mbali na mahali lilipo. Lile la msuli unaotoka kisogoni hadi begani huleta maumivu ya kichwa yanayopanda hadi panjani. La matakoni hushuka pajani mpaka mguuni, likafanana na mshipa wa fahamu uliobanwa. La kifuani humtia mtu hofu ya ugonjwa wa moyo.

Aliyeichunguza hali hii kwa kina ni Dk. Janet Travell wa Marekani, ambaye mwaka 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kuteuliwa kuwa daktari wa Rais wa nchi hiyo. Alianza kumtibu John F. Kennedy mwaka 1955, kabla hajawa Rais, kwa kumdunga dawa ya ganzi katika misuli ya mgongo uliokuwa umemtesa kwa miaka mingi licha ya kufanyiwa upasuaji. Mwaka 1983 yeye na Dk. David Simons walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu kinachoonyesha kila msuli na njia ambayo maumivu yake hupita.

Hakuna kipimo cha maabara kinachothibitisha ugonjwa huu. Daktari hutegemea masikio na vidole vyake: huuliza kazi ya mgonjwa, namna anavyolala na anavyokaa, kisha hupapasa msuli mmoja baada ya mwingine. Fundi cherehani aliyeinama kutwa, dereva wa daladala na karani anayebana simu kati ya sikio na bega ni miongoni mwa walio hatarini. Hata hivyo, imeonekana kuwa madaktari wawili wanaompima mgonjwa mmoja si lazima walione fundo mahali pamoja. Ndiyo maana vipimo vya damu na vya tezi ya shingo bado huhitajika, ili kuondoa uwezekano wa maradhi mengine.

Zipo dalili ambazo kamwe zisihesabiwe kuwa ni misuli. Maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho au kukosa pumzi, miguu kupoteza nguvu, kushindwa kuzuia haja, homa, au kukonda bila sababu: mwenye dalili hizo awahi hospitali. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huanza kwa maumivu ya mgongo tu.

Tiba huanza na mambo mepesi: kunyoosha msuli taratibu kila siku, kuukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na kulibonyeza fundo kwa kidole kwa muda usiozidi dakika moja. Kuchuliwa kunasaidia, mradi mchuaji asitumie nguvu ya kuacha michubuko. Yasipopungua, daktari huweza kulidunga fundo dawa ya ganzi, au kulichoma kwa sindano kavu isiyo na dawa. Tafiti zinaonyesha kuwa sindano hizo huleta nafuu ya muda mfupi. Manufaa ya muda mrefu hayajathibitishwa vya kutosha. Kuzunguka kifua na shingo sindano huweza kutoboa pafu, hivyo si kazi ya kumwachia asiyesomea.

Hatari kubwa zaidi kwa wakazi wa mijini huenda ni dawa zenyewe. Diklofenaki na jamaa zake, zikinunuliwa dukani na kumezwa kwa miezi bila ushauri, huweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu na kuharibu figo. Mwenye shinikizo la damu au kisukari yuko hatarini zaidi.

Kwa aliyeanza kuumwa karibuni, mazoezi na kubadili kiti au kimo cha meza ya kazi huweza kutosha ndani ya wiki chache. Aliyeumwa kwa miaka huhitaji muda mrefu zaidi, na mara nyingi msaada wa mtaalamu wa viungo.