Mwaka Akina Mama Walipoingia Kwenye Nasaba

Kwa vizazi vingi familia za Kilwa, Lamu na Mombasa zimehesabu nasaba kwa upande wa wanaume: fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa babu aliyevuka bahari kutoka Shirazi, Uajemi. Tarehe ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, inasimulia merikebu saba, na mgeni aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia. Simulizi zilizoandikwa baadaye kwa Kiswahili zinaongeza kwamba mgeni huyo aliozwa binti wa mzee Mrimba, mwenyeji wa hapo.

Wasomi wengi wa karne ya 20 waliitilia shaka habari hiyo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, aliwakubali Washirazi lakini akasogeza kufika kwao hadi mwishoni mwa karne ya 12. Wengine waliona kwamba Ushirazi ulikuwa dai la heshima tu, lisilo na damu ndani yake.

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi. Mifupa ilitoka Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, kwenye makaburi ya kati ya mwaka 1250 na 1800; mingine ilitoka Makwasinyi, bara, karibu na mlima Kasigau. Wageni walikuwepo kweli. Sehemu kubwa ya asili ya Kiasia katika mifupa ya zamani zaidi ni ya Uajemi, na kuchanganyika kulikwishaanza kufikia mwaka 1000 hivi, mapema kuliko alivyokadiria Chittick. Baada ya 1500 hivi, damu ya Uarabuni ndiyo iliyozidi kuingia.

Wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa waongo. Ila walisimulia nusu.

Nusu ya pili ni ya akina mama. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika, na vile vinavyopita kwa baba kwenda kwa mwana vilikuwa kwa wingi vya Kiasia. Wengi wa waliozikwa walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika. Upande wa kaskazini, asili hiyo ya Kiafrika ilifanana na ya watu wa Makwasinyi, yaani majirani wa bara ambao watu wa mji walipenda kujitenga nao. Lugha iliyobaki majumbani ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, si Kiajemi, na haishangazi, maana mtoto hujifunza kusema akiwa mikononi mwa mamaye. Mpaka leo Lamu inajulikana kwa desturi ya baba kumpa binti nyumba anapoolewa, mume akahamia kwa mke. Anayeijua desturi hiyo atauona ushahidi wa makaburini kuwa jambo la nyumbani kabisa.

Utafiti huu una mipaka, na ni haki kuitaja. Waliopimwa ni wachache, na wengi wao walizikwa karibu na misikiti au kwenye makaburi ya wenye cheo. Wavuvi, wakulima na watumwa hawakusikika vya kutosha. Tena watu wa pwani wa leo wamechanganyika upya mara nyingi, hivyo mfupa wa Mtwapa hauwezi kumwambia mtu wa Kisauni babu yake ni nani.

Hata hivyo, kwa wanaokusanya nasaba, kazi ya mwaka 2023 inazidi ya miongo mingi iliyotangulia, kwa kuwa imemrudisha binti wa Mrimba kwenye ukoo wake. Wenye daftari za nasaba nyumbani wafungue ukurasa mpya, wamwulize bibi jina la mama yake na la mama wa mama yake, na walipotoka, kisha waandike kabla hajaondoka.