Muhali wa Euclid

Mfasiri mwenye haraka akikutana na ile hoja ya jiometri inayoanza kwa kukubali uongo ili iufichue, huibandika jina la "uthibitisho usio wa moja kwa moja". Maneno sita, na yote yanaeleza kitu hicho si nini. Isitoshe, si kweli. Anayetaka kuonyesha kwamba mistari miwili inayokata wa tatu kwa pembemraba haikutani, husema: haya, na ikutane. Papo hapo imezaliwa pembetatu yenye pembemraba mbili. Nyuzi 180 zimekwisha na pembe ya tatu haijapata hata moja. Ni njia gani iliyonyooka kuliko hiyo?

Neno lipo, na ni la zamani: muhali.

Wagiriki, Aristotle akiwemo, waliiita njia ya kulipeleka jambo kwenye lisilowezekana. Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 KK, anaifunga kauli ya 27 ya kitabu chake cha kwanza, ile ya mistari sambamba, kwa kusema kwamba hilo haliwezekani. Katika kauli ya 6 alikuwa ametumia neno jingine, ambalo asili yake ni kitu kisicho na mahali pake. Waarabu waliompokea Euclid wakaiita burhani ya khulf, kutoka mzizi uleule uliotuletea hitilafu, mhalifu na hata khalifa. Muhali nao ni wa Kiarabu, ila umekaa Pwani muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeuuliza kwao wapi.

Wako wanakamati wa istilahi watakaoguna kwamba "kuona muhali" ni kuona haya tu. Wakasikilize watu wakizungumza. Anayeona muhali kumnyima jirani chumvi ni mtu ambaye, kwake yeye, kukataa hakuwezekani. Maana ni ileile, imetoka barazani kuja ubaoni.

Wengine wanashabikia "uthibitisho wa kinyume". Hawa wana kosa kubwa zaidi, maana wanadai kuijua jiometri. Kauli ya 5 ya Euclid inasema pembetatu yenye pande mbili sawa ina pembe sawa za kitako. Ya 6 inaigeuza: pembe mbili zikiwa sawa, pande zinazozikabili ni sawa. Basi ya 6 ni kinyume cha ya 5, na pia huthibitishwa kwa muhali. Mwanafunzi akiambiwa "uthibitisho wa kinyume", ashike lipi: kinachothibitishwa au namna ya kukithibitisha?

Halafu kuna kundi la "upuuzi", lililonakili "absurdum" ya Kilatini bila kuitafuna. Mjesuiti wa Italia, Girolamo Saccheri, ndiye jibu lao. Mwaka 1733, katika kitabu kilichochapishwa Milano, aliikana kanuni ya Euclid ya mistari sambamba akitumaini kugonga ukuta. Alikutana na mambo ya ajabu mfululizo, na mwishowe akatangaza kwamba yanakwenda kinyume na tabia ya mstari mnyoofu. Ukuta haukuwapo. Karne iliyofuata Lobachevsky na Bolyai walijenga jiometri kamili juu ya maajabu hayohayo. Saccheri alipata kioja akadhani amepata muhali, na lugha inayoita vyote viwili upuuzi haiwezi hata kulieleza kosa lake.

Kuhusu matumizi, maneno machache yatatosha, hasa kwa kuwa sekondari za Tanzania hufundisha jiometri kwa Kiingereza na wanaobishana hapa wengi hawana darasa la kulijaribia neno lao. Iandikwe "uthibitisho kwa muhali", si "wa muhali", kwani muhali ni chombo, haudaiwi kuthibitishwa. Mwanafunzi aanze na "tuchukulie si hivyo", ashuke hatua kwa hatua, na pale dhana yake inapogongana na jambo lililokwisha kuthibitishwa aandike "na hilo ni muhali", kisha aitupe dhana hiyo.