Picha ndani ya Paketi ya Sigareti

Hapa Lumumba, katika muji wetu wa Bunia, paketi tupu ya sigareti haikawii chini: mutoto anaiokota kwa kupenda rangi yake. Tumeona vema kueleza rangi hiyo ilitoka wapi, maana katika karne ya 19 picha ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kuuza tumbako.

Zamani sigareti zilikunjwa kwa mukono, na fundi hodari aliweza kukunja kama nne tu kwa dakika. Mwaka 1875 kampani Allen & Ginter ya Richmond, kule Marekani, ilitangaza zawadi ya dola 75,000 kwa mutu atakayeunda mashini ya kazi hiyo. Kijana James Bonsack aliiunda, akapata hati yake mwaka 1881; lakini Allen & Ginter waliijaribu, wakaikataa. James Buchanan Duke wa Durham aliichukua. Mwaka 1884 mashini moja ilitoa sigareti kama 120,000 kwa siku ya saa kumi za kazi.

Hapo shida iligeuka. Kwanza walitafuta mikono ya kukunja. Sasa walitafuta vinywa vya kuvuta. Wamarekani wengi wa wakati ule walitafuna tumbako au waliivuta kwa kiko, na sigareti waliidharau.

Dawa ya shida hiyo ilikuwa kipande cha karatasi ngumu. Paketi zilikuwa laini, na sigareti zilivunjika mufukoni. Basi wakatia karatasi ngumu ndani ili kuzikinga. Kisha wakachapa picha juu yake: bendera, ndege, wafalme, wachezaji. Mwaka 1887 Allen & Ginter walitoa mabingwa 50 wa michezo, na nyuma ya kila picha waliandika orodha ya majina yote. Orodha hiyo ndiyo mutego wenyewe. Mwenye picha 49 halali usingizi. Baba alivuta, mutoto alimuomba picha, na mutoto ambaye baba yake havuti alijua la kufanya. Duke naye, katika mwaka 1889 peke yake, alitumia karibu dola 800,000 kwa matangazo.

Ufundi wa kuchapa rangi kwa jiwe, ambao Engelmann aliupatia hati mwaka 1837, ndio uliochapa pia picha takatifu tunazoweka katika breviari. Jiwe halichagui.

Si picha zote zilikuwa za kujenga. Nyingi zilionyesha wanawake wa tiatro katika mavazi mafupi. Mwaka 1894 Washington Duke, baba yake James, Mumetodisti wa kweli, alipata barua ya muchungaji mumoja juu ya picha hizo. Muzee aliituma kwa mwana wake, akamwandikia kwamba muchungaji ana haki, maana zinaharibu vijana. Na muzee huyo alikuwa ametajirika kwa tumbako ileile!

Lakini kwetu sisi Waafrika kuna picha nyingine zilizo nzito kuliko hizo. Mwaka 1888 kampani ya William Kimball, ya muji wa Rochester, ilitoa mufululizo wa watawala wa mataifa, ikauita wa wakubwa “washenzi na nusu-washenzi”. Mutoto alijifunza tusi hilo pamoja na jina la mutawala, akaliweka katika albamu yake kama elimu.

Uingereza ilifuata upesi. Mwaka 1893 kampani ya Player ilitoa picha za ngome na za abasia. Ndiyo, nyumba za watawa alizozifunga mufalme Henry VIII zilirudi kwa watu ndani ya tumbako. Mwaka 1901 Duke alivuka bahari, akanunua kampani ya Ogden's huko Liverpool. Waingereza wakaungana kumupinga. Mwaka 1902 walipatana, wakaunda pamoja British American Tobacco ili kuuza katika nchi nyingine. Hiyo ndiyo iliyofika Kenya mwaka 1907, na mwaka 1928 ilikuwa na kiwanda Jinja, kwa jirani zetu wa Uganda.

Katika Ubelgiji mutego uleule ulipata chambo kingine. Kati ya 1949 na 1961 nyumba ya Historia ilitoa albamu za “Nos Gloires”: Padri Jean Schoonjans aliandika historia, Jean-Léon Huens alichora. Picha zilipatikana kwa alama zilizotiwa katika vyakula. Hapo hakuna moshi, nasi hatuna neno.

Picha za sigareti zilikoma Uingereza mwaka 1940, kwa kukosa karatasi wakati wa vita. Moja ya zile za Marekani, ya muchezaji Honus Wagner, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Ni chache sana, kwa sababu Wagner alikataa isiendelee kuchapwa. Wengine wanasema hakutaka watoto wanunue tumbako juu yake. Wengine wanasema alitaka kulipwa.

Mwaka 2001 Canada ilianza kulazimisha picha za namna nyingine juu ya paketi: mapafu na meno yaliyooza. Kongo yetu ilikubali mapatano ya dunia juu ya tumbako mwaka 2005, na sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kumuuzia mutu asiyetimiza miaka 21. Ila kijana anayenunua sigareti moja moja kando ya njia hashiki paketi hata kidogo, na onyo linabaki mikononi mwa muchuuzi.