Kimondo cha Ivuna na visukuku vinavyodaiwa kutoka angani

Kimondo cha Ivuna ni jiwe jeusi linalovunjika kirahisi, lililoanguka tarehe 16 Desemba 1938 karibu na kijiji cha Ivuna, si mbali na Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe. Uzito wake ulikuwa gramu 705, haufikii hata kilo moja ya sukari. Mkoa huohuo una kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, na ndicho watalii wanachokwenda kukitazama, si jirani yake mdogo. Lakini katika maabara za dunia ni huyu mdogo anayetajwa kila siku. Kundi zima la vimondo huitwa CI: herufi ya kwanza ni ya kaboni, ya pili ni ya Ivuna.

Vimondo vya CI ni adimu. Vilivyoshuhudiwa vikianguka ni vitano tu: Alais (1806) na Orgueil (1864) vya Ufaransa, Tonk cha India (1911), Ivuna, na Revelstoke cha Kanada (1965). Ukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana sana na ule wa Jua. Sehemu kubwa ni madini ya jamii ya udongo wa mfinyanzi, yaliyotokana na maji kupenya katika mwamba wa asteroidi zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Maji yalikuwapo, kaboni ipo, na asidi amino zimo pia: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulizikuta katika Orgueil na Ivuna, hasa glisini na beta-alanini. Kwa hiyo aliyeuliza kama humo mliwahi kuwa na uhai hakuuliza upuuzi. Ugomvi ulianza pale watu walipodai kuwa wameuona.

Wa kwanza kudai kwa kishindo alikuwa Otto Hahn, mwanasheria wa Kijerumani, aliyechapisha kitabu mwaka 1880 akionyesha sponji na matumbawe ndani ya vimondo. Alichokuwa akikitazama ni chondruli, vitone vya madini vilivyoyeyuka na kuganda kabla sayari hazijaumbika. Hoja yake haikudumu.

Mwaka 1961 mambo yalikuwa mazito zaidi. Novemba mwaka huo, katika jarida la Nature, George Claus na Bartholomew Nagy, watafiti waliokuwa wakifanya kazi New York, walieleza walivyochunguza vimondo vinne kwa hadubini. Katika Orgueil na Ivuna walikuta chembechembe zenye umbo la mpangilio, wakazigawa katika aina tano na kuzifananisha na mwani. Katika viwili vingine, Mighei na Murray, hazikuwapo kwa kiasi cha kutajika. Hapo ndipo jiwe la Tanganyika lilipopewa kazi ya shahidi. Orgueil kilianguka Ufaransa yenye baridi, Ivuna katika joto la Rukwa, na kati yao ilipita miaka 74. Kama chembe hizo ni uchafu wa duniani, waliuliza, imekuwaje zifanane, na imekuwaje vimondo vingine visichafuke?

Swali lilikuwa zuri, na waliolijibu hawakulikebehi. Frank Fitch na Edward Anders wa Chuo Kikuu cha Chicago walipitia sampuli upya pamoja na wenzao. Nyingi ya chembe zile ziligeuka kuwa madini ya kawaida ambayo kwa asili yana umbo la mviringo. Aina ya tano, yenye pembe sita na iliyovutia kuliko zote, ilifanana mno na chavua ya ambrosia, gugu la Amerika linalowapa mamilioni ya watu mafua kila mwaka, baada ya chavua hiyo kuumuka na kubadilika sura kwa rangi iliyotumika maabara. Kuhusu Mighei na Murray, jibu lilikuwa katika jiwe lenyewe: CI ina vinyweleo vingi kuliko vimondo hivyo, hunyonya unyevu na kila kinachosafiri nao. Na Ivuna na Orgueil, pamoja na umbali wa makwao, vilikutana katika makabati na meza za watafiti walewale.

Mkulima wa Newala au Masasi hahitaji hadubini ili aielewe hoja hii. Mikorosho ikianza kutoa maua, ubwiriunga nao unaingia. Ni kuvu, na mbegu zake hazionekani zikipita. Upepo unazibeba kutoka shamba moja hadi jingine, na mwenye shamba anashtukia tu maua yamepakwa unga mweupe, ndipo mbio za kutafuta salfa zinapoanza. Hakuna anayesema kuvu hiyo ilizaliwa ndani ya mkorosho wake. Jiwe lenye vinyweleo likilala usiku mmoja chini ya mikorosho hiyo litaamka na wageni, na Ivuna limekaa duniani tangu 1938.

Kisha kuna uchafu wa makusudi. Mwaka 1964 Anders na wenzake walieleza habari za kipande cha Orgueil kilichokuwa kimehifadhiwa katika chupa iliyofungwa kwa takriban karne nzima huko Montauban, Ufaransa. Ndani walikuta mbegu za mmea unaofanana na ndago na vipande vya makaa ya mawe. Juu palipakwa gundi ili pafanane na ganda la kuungua la kimondo. Mtani huyo hajulikani hadi leo. Yaelekea alitaka kumtega mtu, kwa kuwa mwaka ule wa 1864 Louis Pasteur alikuwa katikati ya mabishano kama uhai unaweza kuzuka wenyewe. Mtego ulikaa hadi waliokusudiwa wakafa wote.

Ivuna lilirudishwa kizimbani Machi 2011. Richard Hoover, mtaalamu wa kituo cha NASA cha Marshall huko Alabama, alichapisha makala katika Journal of Cosmology akisema nyuzinyuzi alizozipiga picha ndani ya Alais, Ivuna na Orgueil ni mabaki ya sianobakteria wa angani. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba nyuzi hizo hazina naitrojeni ya kutosha, hivyo si viumbe vya juzi. NASA yenyewe ilijitenga na dai hilo ndani ya siku chache. Wakosoaji walieleza kwamba nyuzi nyingi zilijaa magnesiamu na salfa, yaani vitu vinavyounda chumvi ya haluli, ileile inayouzwa dukani. Chumvi za aina hiyo huota ndani ya vimondo vya CI vinapopata unyevu wa hewa, hata ndani ya kabati la makumbusho. Kukosekana kwa naitrojeni kunaifaa chumvi kuliko kunavyomfaa bakteria.

Kasoro kubwa zaidi, na inashangaza kuwa haisemwi mara nyingi, ni upweke wa visukuku hivyo. Mkazi wa Masasi amezungukwa na milima ya mawe ya kale yaliyopikwa kwa joto na mgandamizo ardhini. Humo hatafuti mifupa. Lakini Tendaguru, mkoani Lindi, miamba ni ya mashapo, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani na mamia ya vibarua wenyeji ulifukua humo mijusi wakubwa wa miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa ile ilikutwa katika tabaka zake, pamoja na makombe ya bahari yaliyoonyesha ufuo ulikuwa wapi. Kila kisukuku kilikuwa na majirani. Nyuzi za Ivuna hazina jirani hata mmoja.

Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za vumbi la asteroidi Ryugu, na vumbi hilo likaonekana kuwa ndugu wa Ivuna kwa kemia na madini. Hatimaye ilipatikana sampuli isiyowahi kugusa udongo wa dunia. Mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walitangaza kuwa punje moja ina nyuzi za bakteria. Walizihesabu: mara ya kwanza 11, baadaye 147. Zilikuwa hai na zinazaliana. Ni wadudu wa hapahapa, walioingia baada ya punje hiyo kufunuliwa hewani.

Kipande kikubwa cha Ivuna kilichonunuliwa na makumbusho ya historia asilia ya London mwaka 2008 kimetunzwa katika gesi ya naitrojeni. Mwaka 2020 wataalamu walikilinganisha na kipande kingine cha jiwe hilohilo kilichokaa katika hewa ya kawaida. Kile cha hewani kilikuwa kimebadilika zaidi.