Nani Huandika Kikomo cha Mzigo? Historia ya Tela, Gari na Mamlaka

Kila mzigo una wahusika watatu: mwenye kuumiliki, mwenye kuubeba na mwenye kuamua kiasi chake. Wa kwanza na wa pili huonekana barabarani. Wa tatu huketi ofisini, na mara nyingi historia humsahau. Makala haya yanamtafuta huyo wa tatu kupitia chombo ambacho wengi wetu hukiona kuwa cha anasa tu: tela la safari, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ambayo familia huikokota kwa gari lake la SUV, lile ambalo mitaani huitwa shangingi.

Chombo hiki kilienea Marekani katika miaka ya 1930. Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, alikuwa miongoni mwa walioyapa matela hayo sura yake maarufu ya bati linalong'aa. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo. Picha ya matela hayo mbele ya piramidi za Giza ilizunguka dunia na kuwauzia Wamarekani ndoto ya uhuru wa barabara. Ambacho picha haikuonyesha ni njia za Ethiopia, ambako magari yalikwama matopeni na kulazimika kusukumwa. Tangazo la biashara lilihifadhi ushindi. Matope yakaachwa kando.

Bara alilolipita Byam lilikuwa limejua misafara kwa muda mrefu kabla yake. Katika njia za kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, karne ya 19, mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kama kilo 30. Kiwango hicho hakikutokana na huruma ya matajiri. Kilitokana na desturi ya kazi ambayo wapagazi wenyewe, hasa Wanyamwezi, waliilinda kwa kugoma na kwa kutoroka mzigo ulipozidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza uchukuzi uligeuzwa kuwa kazi ya shuruti, na wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu yao. Funzo ni wazi: kikomo cha mzigo hudumu pale tu ambapo mbebaji ana sauti, au ana mtu wa kumsemea.

Gari halina sauti. Kinachosemwa kwa niaba yake ni namba iliyoandikwa na kiwanda. Kwa miongo kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili, matela ya Marekani yalikokotwa na magari makubwa ya kawaida ya familia. Baada ya mtikisiko wa bei ya mafuta wa mwaka 1973, serikali iliweka masharti ya matumizi ya mafuta mwaka 1975, na magari ya familia yakapungua ukubwa. Pikapu na SUV zilihesabiwa kuwa malori mepesi, zikapewa masharti nafuu zaidi. Kwa hiyo kazi ya kuvuta ikahamia kwao, na uwezo wa kuvuta ukawa silaha ya matangazo. Kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa njia yake, ikatangaza namba kubwa kuliko ya jirani.

Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilichapisha kipimo cha pamoja kinachojulikana kama J2807. Gari lenye tela sharti lipande mteremko mrefu wa Davis Dam katika jangwa la Arizona, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na joto likiwa si chini ya nyuzi 38, bila mwendo kushuka chini ya kiwango kilichowekwa. Sharti pia liweze kung'oka likiwa limesimama kwenye mwinuko mkali, kwenda mbele na kurudi nyuma, mara kadhaa. Wawakilishi wa makampuni yenyewe walishiriki kukiandika kipimo hicho. Hata hivyo Toyota ndiyo iliyotangulia kukifuata, kwa magari yake ya mwaka 2011, na uwezo uliotangazwa wa pikapu yake ya Tundra ukapungua kwa mamia ya pauni. Chuma kilikuwa kilekile. Namba ndiyo iliyokuwa imeanza kusema kweli. Makampuni makubwa ya Detroit yalisita, kila moja likiogopa kuonekana dhaifu mbele ya mwenzake, hadi magari ya mwaka 2015 yalipokaribia. Ukweli ulikuwa na gharama, na hakuna aliyetaka kuilipa peke yake.

Hali hii si ngeni. Mwaka 1876 Uingereza, baada ya kampeni ya mbunge Samuel Plimsoll, iliagiza kila meli ya biashara ichorwe mstari wa kikomo cha shehena. Lakini sheria ilimwachia mwenye meli aamue mwenyewe mstari uwe wapi. Ilichukua hadi mwaka 1890 kwa dola kutwaa mamlaka ya kuupanga. Kwa miaka 14 palikuwa na mstari pasipokuwa na kikomo. Sisi tuliomboleza MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, kwa hiyo tunajua kwamba namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye cheti haiokoi mtu ikiwa hakuna anayehesabu watu wanaopanda.

Sasa turejee kwa mwenye SUV, maana hata namba ya kweli hupotosha ikisomwa nusu. Tuchukue mfano wa hesabu. Gari limeandikwa kuwa linaweza kuvuta kilo 2,500, na jumla ya watu na mizigo ndani yake isizidi kilo 550. Mnunuzi anachagua tela ambalo likijazwa maji, gesi, vyombo na nguo lina kilo 2,300. Anaona amebakiza kilo 200, anaridhika. Lakini tela la namna hii hukandamiza kiungio cha nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Tukichukua 12, ni kilo 276, na hizo huhesabiwa kama mzigo wa gari lenyewe. Zinabaki 274. Baba kilo 80, mama 70, watoto watatu 105: jumla 255. Zimebaki kilo 19 kwa chuma cha kiungio, mabegi na sanduku la vinywaji. Familia imevuka kikomo kabla ya kufunga mlango, ingawa namba iliyo kwenye tangazo haijaguswa.

Wala dawa si kuupunguza uzito wa kiungioni kwa kurundika mizigo nyuma ya tela. Uzito huo ukipungua mno, tela huanza kuyumba na kulitikisa gari zima. Ukizidi, nyuma ya gari huinama, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko, na usukani pamoja na breki hudhoofika. SUV fupi huathirika upesi zaidi kuliko gari refu.

Namba inayoamua mara nyingi ni ile iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, nayo ina historia yake. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya TREAD mwaka 2000, baada ya matairi ya Firestone kupasuka, hasa kwenye magari ya Ford Explorer, na kuua watu zaidi ya 200. Sheria hiyo ilidai pia taarifa bora zaidi kwa mtumiaji kuhusu matairi na mzigo. Maandishi yale madogo yameandikwa juu ya makaburi.

Kwetu suala hili hujitokeza zaidi kwenye mizani ya barabara kuu, ambako Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa malori makubwa kabisa, na wenye malori hulalamika kila mara. Mtumishi wa umma anayesimamia kikomo chochote, kiwe cha lori, kivuko au basi la shule, ajiulize maswali matatu. Nani alikipima? Alipima katika hali gani? Na nani atapata hasara kikifuatwa? Mwanafunzi na mwanaharakati nao wayaulize maswali hayohayo kabla ya kushangilia namba yoyote inayotangazwa. Anayeshika kalamu ya kuandika kikomo ameshika pia maisha ya wanaobebwa, na ni haki yao kumjua.