Maji ya Miguu na Hisabu ya Moyo

Katika mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tanja katika nchi ya Maghribi, alishuka Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa, akalala hapo usiku mmoja. Usiku mmoja si muda mrefu, lakini jicho la msafiri huyo halikuwa zito. Aliona kisiwa chenye ndizi na ndimu, ambacho nafaka yake ililetwa kutoka ng'ambo; aliona watu wapole wenye kushika dini, na misikiti iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Lakini jambo alilolieleza kwa urefu lilikuwa dogo. Penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kifupi, kimoja au viwili, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba cha kutekea maji. Watu walikwenda miguu mitupu, na kila aliyetaka kuingia aliosha miguu yake kwanza, kisha akaipangusa juu ya mkeka mnene uliotandikwa mlangoni.

Miguu ikiwa michafu, mkeka utamshtaki mwenyewe. Moyo hauachi alama juu ya mkeka. Mtu aweza kusimama safuni, akarukuu na kusujudu pamoja na wenziwe, na huku moyo wake uko Forodhani ukipima mizigo. Jina la mwanafunzi liitwapo asubuhi, yeye huitika, na mwalimu humwandika kuwa amehudhuria. Wala daftari haliulizi kama fikira zake zimehudhuria pamoja naye. Wanavyuoni waliliuliza swali hilo tangu zamani, wakaona kwamba kuuhudhurisha moyo ni kazi ngumu kuliko kuuhudhurisha mwili. Watoto wa Mji wa Kale hulisikia chuoni, na baadhi yao hudhani kuwa ni swali lao peke yao. Lakini Wayahudi nao waliliuliza, na kuna wakati waliliuliza kwa maneno yale yale.

Yafaa tuanze na neno moja. Katika karne ya 9 aliishi mwanachuoni aitwaye Harith al-Muhasibi, aliyezaliwa Basra na kufa Baghdad mwaka 857. Lakabu yake yatokana na hisabu, kwa kuwa alifundisha kwamba mtu aihisabu nafsi yake kabla ya kuhisabiwa. Kwa mtu wa Mombasa hisabu haihitaji tafsiri. Kwa karne nyingi majahazi yaliingia Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi, yakitoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakangoja kusi yapate kurudi. Kabla ya kutweka tanga ilimpasa mfanyabiashara afungue daftari, atazame aliyotoa na aliyopokea, maana jahazi likisha kuondoka, mwenye deni haonekani tena mpaka msimu mwingine. Al-Muhasibi alitaka nafsi itendewe vivyo hivyo, tena bila ya kungoja msimu. Baada yake al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliwekea jambo hilo sehemu nzima katika kitabu chake kikubwa, Ihya. Masharifu wa Hadhramaut walikipenda mno kitabu hicho, na kwa mikono yao elimu hiyo ilienea katika miji ya pwani yetu.

Sasa na tuende mbali, mpaka Andalusia. Huko, katika nusu ya pili ya karne ya 11, aliishi hakimu wa Kiyahudi jina lake Bahya ibn Paquda. Yeye aliandika kwa Kiarabu, lugha ya Wayahudi wengi wa zama zile, kitabu kiitwacho Al-Hidaya ila Faraid al-Qulub, yaani uongozi wa kufikia faradhi za mioyo. Malalamiko yake yalikuwa haya: wanavyuoni wa watu wake wameandika mengi juu ya faradhi za viungo, na wamesema machache juu ya faradhi za moyo, hali viungo haviendi pasipo moyo. Basi akakigawa kitabu chake katika milango 10. Wa kwanza ni tauhidi na wa mwisho ni mahaba, na katikati yake imo tawakali, ikhlasi, toba, hisabu na zuhudi. Kijana wa Mji wa Kale angeweza kuyasoma majina hayo bila ya kamusi!

Mlango wa 8 ndio wa hisabu, nao una njia 30 za mtu kujiuliza juu ya nafsi yake. Mfano wake mmoja watupendeza sisi tunaojua haki ya mgeni. Mtu asaliye kwa ulimi bila ya moyo, asema Bahya, ni kama mtumwa ambaye bwana wake amemjia nyumbani. Mtumwa huyo akawaamuru mkewe na jamaa zake wamkirimu bwana, kisha yeye mwenyewe akatoka kwenda katika mchezo wake.

Mtu asidhani kwa hayo kwamba Wayahudi waliazima kila kitu. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliotimia yapata mwaka 200, wametajwa wachamungu wa kale waliokaa muda wa saa moja kabla ya kuanza sala, ili waielekeze mioyo yao kwa Mungu. Uelekevu huo waliuita kavana. Na kitabu cha Bahya kilipoanza kufasiriwa kwa Kiebrania mwaka 1161, mfasiri hakupata taabu ya kutafuta jina la hisabu. Kiebrania kina heshbon, neno lililo ndugu yake.

Bahari yetu pia imo katika habari hii. Musa bin Maimuni, mkubwa wa wanavyuoni wa Kiyahudi, aliyefariki Misri mwaka 1204, alikuwa na ndugu mdogo, Daudi, mfanyabiashara wa vito. Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, na pamoja naye ikapotea mali yake, mali ya nduguye na mali ya watu wengine; akaacha mjane na binti mdogo. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima. Miaka mingi baadaye aliandika namna ya kuufunza moyo kuhudhuria. Mtu aanze na jambo moja, alisema: asomapo shahada ya Kiyahudi, aondoe kila fikira nyingine. Akisha kuzoea hilo kwa miaka, ndipo aendelee na mengine. Kwa miaka! Nadhani ushauri huo haukuandikwa na mtu aliyeona wepesi wa kuutuliza moyo wake.

Mwanawe Ibrahimu alirithi uongozi wa Wayahudi wa Misri akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Yeye aliwasifu masufi waziwazi, akasema kwamba wanafuata mwendo wa manabii wa kale. Akataka watu wake wasujudu, wakae kwa safu, na waoshe miguu kabla ya sala, si mikono peke yake. Wapinzani wake walikasirika, wakamshtaki kwa Sultani al-Adil kuwa anazua mambo ya kigeni katika dini. Ibrahimu alijibu kwamba hayo ni desturi za mababu zao zilizosahauliwa. Alifariki mwaka 1237, miaka 94 kabla ya Ibn Battuta kuyaona maji ya Mombasa.

Sisemi kwamba wazee wa Mombasa walikisoma kitabu cha Bahya. Walikuwa na walimu wao, na walikuwa na utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo mtunzi hamhubirii jirani. Ausuta moyo wake mwenyewe, na kuuonyesha majumba ya fahari yaliyokuwa magofu. Mwisho wa karne ya 19 padri wa Kiingereza, William Taylor, alikaa Mombasa akikusanya mashairi ya kale, na aliyemsaidia na kumweleza maana zake alikuwa Mwislamu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Tafsiri ya Taylor ya Al-Inkishafi ilipigwa chapa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili, mahali ambapo mtu hangetazamia kuukuta moyo ukihisabiwa.