Gari Linakula Oili: Tatizo la Zamani Kuliko Gari Lenyewe

Kaa dakika kumi pembeni mwa barabara ya Bukoba–Muleba, pale magari yanapopanda mlima, na uangalie mabomba ya moshi. Moshi mweusi ni petroli au dizeli isiyoungua vizuri. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, mara nyingi ni maji ya rejeta. Moshi wa bluu ni oili. Watu husema "gari limechoka", mwenyewe anaongeza oili nzito, maisha yanaendelea. Halafu siku moja oili inakauka safarini, injini inanoki, na mtu aliyekuwa akisomesha watoto kwa gari hilo anaanza kutafuta hela ya injini nyingine.

Tuangalie basi tatizo hili lilikotoka, maana historia yake itakusaidia unapoongea na fundi.

Injini ya pistoni inataka mambo mawili yanayogombana. Ukuta wa silinda lazima uwe na oili, la sivyo chuma kitasagana na chuma. Lakini oili hiyohiyo isipande juu ya pistoni, kwa sababu huko ndiko kwenye moto. Anayesuluhisha ugomvi huu ni ringi.

Ringi ilianza kabla ya gari. Injini za mvuke za mwanzo zilizibwa kwa kamba za nyuzi zilizopakwa mafuta ya wanyama, na zilikuwa zinachakaa haraka. Mwaka 1852 mhandisi wa reli wa Uingereza, John Ramsbottom, alibuni ringi ya chuma iliyokatwa sehemu moja. Kwa kuwa imekatwa, inajitanua yenyewe na kubana ukuta wa silinda. Wazo hilo ndilo lililomo kwenye gari lako mpaka leo.

Kwenye mvuke kazi kubwa ilikuwa kuzuia mvuke usivuje. Injini za petroli zilipokuja, kuzuia oili kukawa shida nyingine kabisa, na katika Vita Kuu ya Kwanza shida hiyo iligharimu maisha. Mwezi Juni 1915 Waingereza walipokuja kuishambulia Bukoba, walivuka ziwa kwa meli za mvuke kutoka Kisumu. Mwaka uliofuata, huko Ufaransa, waliingiza vitani vifaru vya kwanza vyenye injini za petroli za Daimler. Vali za injini hizo zilikuwa mabomba yanayoteleza kati ya pistoni na ukuta wa silinda, na mabomba hayo yalitaka oili nyingi. Nyingine iliungua. Matokeo yake, kifaru kilichojificha kikiongezewa moto kilitoa wingu la moshi, na adui akajua pa kupiga.

Kazi ya kutengeneza injini isiyotoa moshi alipewa Harry Ricardo. Yeye hakutafuta oili nzito zaidi. Alijiuliza oili inapitia wapi kupanda juu, kisha akabadilisha umbo la pistoni ili kuifunga njia hiyo. Injini yake ya nguvu farasi 150 ikawekwa kwenye kifaru cha Mark V kilichopigana mwaka 1918.

Miaka mingi baadaye tatizo likarudi kwa Toyota. Pistoni ya kawaida siku hizi ina ringi tatu: mbili za juu zinazuia kompresheni isipotee, ya tatu inakwangua oili na kuirudisha chini kwenye sampo. Kwenye injini ya 2AZ-FE, ringi ya tatu ilikuwa inaziba na kukwama kwa masizi. Huko Marekani, Toyota ilikubali kubadilisha pistoni na ringi bure kwa baadhi ya magari, ikiwemo Camry za 2007 hadi 2009, yaliyopimwa na kukutwa yanakula karibu lita 1 kwa kilomita 1,900. Huo ni umbali mrefu kuliko safari nzima ya Bukoba hadi Dar es Salaam. Injini hiyohiyo imo kwenye Harrier, Kluger na Alphard nyingi tunazoagiza kwa mtumba kutoka Japani, lakini mpango ule ulikuwa wa magari yaliyouzwa Marekani. Hapa Kagera gharama ni yako.

Sasa ufanyeje? Kwanza hakikisha oili haivuji: weka boksi chini ya gari usiku, asubuhi liangalie. Pili, pima. Gari likiwa limesimama pa tambarare na injini imepoa, jaza mpaka alama ya juu bila kuzidisha, tembea kilomita 1,000, kisha ona umeongeza kiasi gani. Tatu, angalia moshi unatoka lini. Ukitoka unapowasha gari tu halafu ukapotea, shuku sili za vali, ambazo kwa kawaida ni nafuu kuliko ovahoo. Ukitoka kila unapokanyaga moto mlimani, shuku ringi.

Hapo fundi anaweza kukuambia, "Kompresheni nimepima, iko poa, ringi nzima." Kumbuka ringi ni tatu. Zile mbili za juu zinaweza kubana vizuri kabisa huku ya tatu imekwama, na kipimo cha kompresheni hakitakuonyesha. Muulize kwa heshima: "Fundi, na ringi ya oili je?"